Hifadhi ya mabaki ya nyuklia ikipanuliwa, mionzi inaongezeka kwa nani?

Kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kilipozinduliwa Namtumbo Julai 2025, vijiwe vya Nyanda za Juu Kusini vilipata mada mpya. Kuanzia Makambako hadi Tunduma kila mtu ana lake. Huyu anasema mionzi itafika mpaka kwenye mahindi ya Mbozi, yule anasema tutageuzwa jalala la nyuklia la dunia, na hakosekani kijana aliyewahi kutafuta maisha Bondeni, atakayekuapia kwamba Afrika Kusini wanarundika mabaki ya nyuklia jirani na Cape Town na watu wanaishi tu, tena sasa wanataka kuongeza.

Huyo kijana hayuko mbali na ukweli. Kituo cha Koeberg kiko kilomita 30 hivi kaskazini mwa Cape Town, na vinu vyake viwili vilianza kuzalisha umeme 1984 na 1985. Mwaka 2024 kinu cha kwanza kiliongezewa leseni ya miaka 20, hadi 2044. Kinu kikiongezewa miaka, mabaki nayo yanaongezeka, na lazima yapatiwe pa kukaa. Hapo ndipo watu wanaposhtuka: hifadhi ikiwa mara mbili, si mionzi nayo itakuwa mara mbili?

Haiwi hivyo. Lakini jibu hilo likitolewa kavukavu bila maelezo linafanana na porojo za msemaji wa kampuni, kwa hiyo twende taratibu.

Mabaki yenyewe ni nini

Watu wengi wakisikia mafuta ya nyuklia wanafikiria kitu kinachomiminika, tena cha kijani, kinachovuja kutoka kwenye pipa lililooza. Hayo ni ya filamu. Mafuta ya nyuklia ni vidonge vigumu vya oksidi ya urani, kila kimoja kidogo kama ncha ya kidole, vimepangwa ndani ya fimbo ndefu za chuma cha zirkoni. Fimbo nyingi zikifungwa pamoja zinakuwa fungu moja, na kinu kimoja cha Koeberg kina mafungu 157 kwa wakati mmoja. Fungu likishatumika miaka kadhaa linachoka, linatolewa, linawekwa jingine. Lililotolewa ndilo tunaloliita mafuta yaliyotumika.

Ajabu yake ni kwamba fungu jipya, kabla halijaingia kinuni, mtu anaweza kulisogelea na kulikagua kwa macho. Likitoka, mambo yamegeuka kabisa, kwa sababu atomi za urani zimepasuka na kuacha vitu vipya vyenye mionzi mikali kama sesiamu-137 na strontiamu-90. Tume ya Marekani inayosimamia nyuklia inasema hata miaka 10 baada ya kutolewa, mionzi kwenye uso wa fungu lisilo na kinga inazidi siveti 100 kwa saa. Dozi ya siveti 5 kwa mkupuo inatosha kumuua mtu. Piga hesabu mwenyewe: ni dakika tatu.

Siveti ni kipimo cha madhara ya mionzi katika mwili. Kwa mambo ya kila siku ni kubwa mno, ndiyo maana hutumika sehemu yake ya elfu, milisiveti. Binadamu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga, bila kinu chochote kuwepo jirani. Mkazi wa Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, anapata mionzi ya anga kuliko mkazi wa Dar es Salaam, na mchunga ng'ombe wa Kitulo anawazidi wote wawili, kwa kuwa hewa ya kumkinga juu yake ni nyembamba zaidi. Juu ya hiyo ya asili, kiwango kinachokubalika kimataifa ni kwamba shughuli zote za nyuklia zisimwongezee mwananchi zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mionzi anaruhusiwa wastani wa 20.

Kwa hiyo tuna upande mmoja kitu cha kuua kwa dakika tatu, na upande mwingine sheria inayodai jirani asipate hata milisiveti moja kwa mwaka mzima. Kazi yote ya tathmini iko katikati ya hizo namba mbili.

Joto la jiko na hewa ya jiko

Watu wa Makete, Njombe na Mafinga wanalijua jiko la mkaa kuliko wengi wetu. Usiku wa baridi ya Juni, mkilizunguka, kuna vitu viwili vinavyotoka humo. Kuna joto: ukiwa karibu unalipata, ukisogea nyuma linapungua, mwenzako akikaa mbele yako anakukinga, na ukitoka nje huondoki nalo. Halafu kuna ile hewa ya sumu isiyo na harufu, inayojaa chumbani na kuingia mapafuni. Familia inayolala na jiko ndani, milango imefungwa, haifi kwa joto. Inakufa kwa hiyo hewa.

Mionzi inayopenya kuta za hifadhi na kumfikia jirani ni kama lile joto. Uchafuzi, yaani chembe zenyewe zenye mionzi zikitoka, zikapeperuka au kuingia majini, ni kama ile hewa. Tathmini ya upanuzi wa hifadhi inajibu maswali mawili yanayotofautiana kabisa: joto kiasi gani linamfikia jirani siku zote, na je, hewa inaweza kutoka? Mabishano mengi vijiweni hayaishi kwa sababu mmoja anazungumzia swali la kwanza na mwenzake la pili.

Ukizitenganisha, uvumi mwingine unajifia wenyewe. Mahindi yaliyoota karibu na uzio wa hifadhi hayageuki kuwa na mionzi kwa kupigwa na mionzi ya gama, ile inayopenya kuta, kama vile wewe usivyogeuka kuwa jiko kwa kuota moto. Yatakuwa na mionzi iwapo tu chembe zimetoka zikatua juu yake au zikaingia kwenye udongo. Wafanyabiashara wa Tunduma na Kasumulu wanaoomba cheti cha mionzi kwa ajili ya mchele au maharage kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, wamekutana na swali la pili bila kujua. Ile sampuli inayochukuliwa inatafutwa chembe, kwa mfano za sesiamu, aina iliyosambaa Ulaya baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986. Hakuna anayeangalia kama gunia lako lilipita karibu na mashine ya eksirei.

Maji kwanza, zege baadaye

Fungu likitoka kinuni linatumbukizwa kwenye bwawa, chini ya mita saba hivi za maji. Maji yanapoza na yanakinga. Mionzi ya gama ya sesiamu hupungua nusu kila inapopita sentimita 10 hivi za maji. Nusu ya nusu ya nusu, mara kumi mfululizo, inabaki chini ya sehemu moja ya elfu, na hapo umetumia mita moja tu. Zidisha hadi saba. Wafanyakazi wanatembea ukingoni mwa bwawa na nguo za kazi za kawaida, wanaangalia mafungu kule chini.

Bwawa likianza kujaa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha rafu za chini ya maji ili mafungu yabanane zaidi, huku vibao vya kunyonya nyutroni, zile chembe zinazopasua atomi, vikiwekwa kati yake. Koeberg walishafanya hivyo. Ya pili ni kuyatoa yaliyopoa, kwa kawaida baada ya miaka mitano au zaidi, na kuyahamishia kwenye hifadhi kavu. Hapo mafungu yanaingizwa kwenye kasiki, chombo kinene cha chuma, mara nyingi kikiwa na ganda la zege, ambacho kikijaa kinapita tani 100. Hakuna pampu wala umeme. Hewa inapita yenyewe pembeni na kuondoa joto. Marekani walianza utaratibu huu mwaka 1986, kwenye kituo cha Surry, jimbo la Virginia, na leo ndiyo njia inayotumika sehemu nyingi.

Mtu akisema hifadhi inapanuliwa, basi, mara nyingi anamaanisha uwanja wa zege unaongezwa na makasiki mapya yanasimamishwa kando ya yale ya zamani.

Hesabu inavyopigwa

Wataalamu wanaanza na chanzo: mafungu mangapi, yalitumika kwa muda gani, yana umri gani tangu yatolewe. Umri una uzito kuliko watu wanavyofikiri. Iodini-131, ile inayoharibu tezi ya shingo na kutajwa kila ajali ya kinu inapotokea, hupungua nusu kila siku 8. Kwenye fungu la miaka mitano haipo tena. Sesiamu-137 inachukua miaka 30 kupungua nusu, strontiamu-90 miaka 29. Kwa hiyo kasiki la leo si kasiki la miaka 30 ijayo, na tathmini inayoyahesabu yote kana kwamba yamejazwa jana inakuza namba kwa makusudi, ili ikikosea ikosee upande wa tahadhari.

Baada ya chanzo, njia. Mionzi mingine inakwenda moja kwa moja kutoka kwenye ukuta wa kasiki hadi kwenye uzio. Mingine inapanda juu kupitia kifuniko, inagonga hewa na kurudi chini mbali na pale ilipoanzia. Hii ya pili haizuiwi na tuta la udongo wala ukuta wa pembeni, na ndiyo inayowasumbua wapiga hesabu. Umbali unasaidia sana: ukiwa mbali mara mbili unapata takriban robo, na hewa yenyewe inapunguza zaidi. Marekani hairuhusu mpaka wa eneo linalodhibitiwa kuwa karibu ya mita 100 kutoka kwenye hifadhi.

Sasa rudi kwenye swali la mara mbili. Makasiki yakipangwa safu kwa safu, yaliyo mbele yanayakinga yaliyo nyuma, sawasawa na yule mwenzako aliyekaa kati yako na jiko. Safu mpya ikiongezwa upande wa ndani, jirani wa upande wa nje anapata nyongeza ndogo kutoka pembeni, ingawa ile inayopanda juu ya vifuniko inaendelea kujumlishwa. Safu hiyo hiyo ikiongezwa upande wa nje, karibu na uzio, hesabu inabadilika kwa yule jirani hata kama idadi ya makasiki ni ile ile. Ndiyo maana namba ya tani peke yake haikuambii kitu. Mwenye swali zuri anaomba mchoro wa uwanja.

Mwisho ni mpokeaji, na hapa ndipo mimi hufungua macho zaidi ninaposoma ripoti za namna hii. Tuseme kipimo kwenye uzio kinaonyesha nyongeza ya mikrosiveti 0.1 kwa saa, yaani sehemu ya elfu kumi ya milisiveti. Ukimchukulia mtu anayesimama pale mchana na usiku, saa 8,760 za mwaka, anapata karibu milisiveti 0.9. Ukimchukulia mkulima anayefika shambani kwake pale saa 2,000 kwa mwaka, anapata 0.2. Uzio ni ule ule, mionzi ni ile ile, lakini ripoti moja itasema tumekaribia ukomo na nyingine itasema tuko mbali kabisa. Hakuna aliyedanganya. Tofauti imo kwenye dhana iliyoandikwa ukurasa wa mbali ambao watu hawaufikii.

Tena hiyo mikrosiveti 0.1 kwa saa ni sawa na mionzi ya asili ya sehemu nyingi duniani. Kwa hiyo lazima upime eneo kabla kasiki la kwanza halijafika, vinginevyo baadaye hutajua kipi ni cha Mungu na kipi ni cha kampuni. Na si kasiki jipya tu linalohesabiwa. Jirani anapokea kutoka kwenye vinu, hifadhi ya zamani na ile mpya kwa pamoja, na jumla hiyo ndiyo inayolinganishwa na ukomo. Marekani ukomo wa hifadhi za aina hii, pamoja na shughuli nyingine za nyuklia za eneo hilo, ni milisiveti 0.25 kwa mwaka kwa mwili mzima, robo ya ule wa kimataifa.

Anayepata dozi kubwa kuliko wote si jirani hata kidogo. Ni mfanyakazi anayefunga kifuniko, kuchomelea na kukausha kasiki siku ya kulihamisha. Ukienda kupiga picha ya kifua utaona mtaalamu wa eksirei akitoka na kusimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, wewe ukiachwa peke yako na mashine. Si kwamba hakujali. Wewe unapigwa mara moja, yeye yuko pale kila siku, na ile beji ndogo aliyobana kifuani inahesabu jumla yake hadi itakapopelekwa kusomwa. Vipimo vya aina hiyo hiyo hutundikwa kwenye uzio wa hifadhi, na husomwa mwaka hadi mwaka kuona kama hesabu ya kwenye karatasi ilikuwa ya kweli.

Na hewa ikitoka?

Swali la pili halina namba nyepesi. Kuna jambo moja la kuondoa mezani kwanza: hifadhi haiwezi kulipuka kama bomu la atomiki. Urani ya vinu kama vya Koeberg hurutubishwa, yaani huongezewa ile aina inayopasuka kirahisi, hadi chini ya asilimia 5; ya bomu huwa karibu 90. Kinachohofiwa ni kingine: bwawa kukauka na mafungu kupata joto hadi fimbo zipasuke, au kasiki kuharibiwa kwa nguvu kubwa.

Machi 2011 Fukushima, Japani, iliwajaribu bwawa na makasiki kwenye kituo kimoja. Dunia nzima ilihangaika kuhusu bwawa la kinu namba 4, ambalo ilidhaniwa limeishiwa maji, ingawa baadaye ilionekana maji yalikuwepo. Kituo hicho hicho kilikuwa na makasiki tisa makavu. Tsunami iliyafunika, jengo likajaa maji na takataka, na mafungu yaliyomo yalibaki salama. Tangu hapo hoja ya kutoa mafuta ya zamani majini na kuyaweka kwenye makasiki imepata nguvu, na kwa maoni yangu wanaopinga kila upanuzi wa hifadhi kavu mara nyingine wanapigania, bila kukusudia, bwawa liendelee kubanana.

Tathmini ya ajali hupitia tetemeko, mafuriko, moto, kuanguka kwa kasiki wakati wa kuhamisha. Marekani inataka hata ajali mbaya kuliko zote zilizokadiriwa isimpe mtu aliye mpakani zaidi ya milisiveti 50. Siku mtu akija na wazo la kujenga kitu cha aina hii ukanda wetu, ajue mapema kwamba Bonde la Ufa linapita hapa na Rukwa iliwahi kutikiswa mwaka 1910 na tetemeko la ukubwa wa 7.4.

Kilicho dhaifu zaidi katika tathmini hizi, kwa macho yangu, ni muda kuliko mionzi. Hifadhi zote hizi zinaitwa za mpito. Leseni hutolewa kwa miongo, kisha huongezwa, na hesabu ya dozi hupigwa kwa kipindi cha leseni. Lakini plutoniamu-239 iliyomo hupungua nusu kila miaka 24,100. Mahali pa kudumu duniani bado ni pa kuhesabu kwa vidole: Finland wamechimba Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba kwenye kisiwa cha Olkiluoto, na Sweden walianza ujenzi wa ya kwao Forsmark mwaka 2025. Nchi nyingine nyingi, pamoja na Afrika Kusini, bado zinategemea hifadhi za mpito.

Namtumbo ni habari nyingine

Tanzania haina kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia, kwa hiyo haina mafuta yaliyotumika ya vinu hivyo ya kuhifadhi. Kuletewa ya wengine kumezuiwa na Mkataba wa Bamako wa 1991, ambao Tanzania ni mwanachama, unaokataza kuingiza Afrika taka za sumu pamoja na zile za mionzi. Mkataba si ukuta, lakini hofu ya jalala la dunia inapaswa kuanzia hapo.

Urani ya Mto Mkuju, huko Namtumbo, ni mawe ya kabla ya kinu. Haina sesiamu wala strontiamu ya kuzungumzia, na haihitaji makasiki. Ule unga wa njano unaotoka kiwandani husafirishwa kwenye mapipa ya chuma. Lori lake likipita Njombe halimpi dozi ya maana mtu aliyesimama barabarani. Anayechukua hofu ya Koeberg na kuihamishia Namtumbo anaogopa kitu ambacho hakipo, na papo hapo anaacha kuuliza kuhusu kilichopo.

Kilichopo ni tope. Urani ikishatolewa kwenye mawe, takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa ndani yake inabaki kwenye mabaki ya kiwandani: toriamu-230, na radiamu-226 inayochukua miaka 1,600 kupungua nusu, ambayo nayo inazaa gesi ya radoni. Hapa joto ni dogo. Hesabu yote iko kwenye hewa na maji. Ripoti ya mgodi wa namna hiyo inapofika kwenye mikutano ya wananchi, mambo ya kuomba yaonyeshwe ni vipimo vya maji ya visima na mito kabla mgodi haujaanza, bwawa la tope limetandikwa nini chini, upepo wa kiangazi unaelekea vijiji gani, fedha za kulifunika bwawa hilo zimewekwa wapi, na nani ataendelea kupima maji mgodi ukishafungwa na kampuni imeondoka.